Ndagala Nilizosema Nimefunika

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua pale mji wa Baraka, kando ya ziwa, mwanangu, na kila nikiukumbuka uso unaniwaka.

Leo unaniona na depo tatu za samaki na mitumbwi ya moteri, mimi niliyeachia shule mwaka wa nne wa primeri. Wenye diplome wanakuja kuniomba kazi. Sijifichi, nimepambana. Lakini ngazi ya kwanza niliipanda vibaya.

Nilikuwa kijana, nikianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, za tajiri wangu Mama Riziki ufukweni pamoja na Yaya Etabo, niliyemwita yaya kama kaka mkubwa, mtu mzima, mzito wa kusema. Mama alikuwa anatafuta wa kumkabidhi depo yake mpya ya kule Nundu. Siku hiyo Etabo alikwenda kula, zamu ya kulinda ikawa yangu. Mimi nikaenda kwa kinyozi, kujigamba mbele ya watu kwamba depo ya Nundu itakuwa yangu. Simu ikalia. Ni Mama Riziki, yuko sokoni.

"Mvua iko inakuja. Ulisha funika?"

"Nilisha funika, mama. Turubai iko juu."

Nilijiambia nitakimbia niiwahi mvua. Mvua ikaniwahi mimi. Ndagala zote zililowa, zikachanganyika na mchanga.

Mama aliposhuka kwenye pikipiki, mdomo wangu ulikuwa tayari. Nikasema nilifunika, Etabo ndiye alirudi akafunua ili azigeuze.

"Mama, mi sikugusa," Etabo akasema. Basi. Hakujua kuongeza.

Alifukuzwa palepale. Nundu nikapewa mimi.

Mwaka jana nilimfuata kwao Swima, nikamkuta anashona wavu. Niliivua saa yangu kubwa kabla ya kumsalimia, sijui kwa nini. Nikamwambia yote. Yeye akaendelea kushona.

"Mama Riziki alikufa akiniita mwongo," akasema. "Sasa, mudogo wangu, utanisafisha mbele ya nani?"



Mwanangu, kazini usiseme "nilisha" wakati mkono haujamaliza. Ukikosa, piga simu wewe wa kwanza, useme nimekosa, hata kama cheo kitakwenda. Na usimtupie kosa lako mwenzako asiyejua kujitetea. Siku utakayotaka kulirekebisha, aliyepaswa kukusikia anaweza kuwa chini ya udongo.

Mungu akupandishe, mwanangu, na akupe mdomo wa kusema kweli mapema, ule ambao mimi sikuwa nao.