Kitambaa Bila Vipimo

Mke wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Ngoja Niombe. Mpelekee hata sketi ya kupunguza, atakwambia, "Ngoja niombe." Kanisani wanamtania, naye hucheka nao, kisha anaenda kuomba vilevile. Mimi ni fundi bomba, mtu wa maswali, na kwa miaka ishirini nimetaka kujua huwa anajibiwaje.

Kwa hiyo dada yake alipotuma kitambaa ndani ya mfuko, nilikaa mkao wa kula. Walikuwa hawasemezani mwaka wa nne, tangu walipogombana juu ya nani alimuuguza mama yao zaidi. Mfukoni kulikuwa na karatasi pia: "Mdogo wangu, binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nishonee gauni nivae siku hiyo." Basi.

Akaomba siku tatu. Ya nne akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Sishoni. Nimepata amani moyoni."

Uso wake ulikuwa umetulia kweli, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Amani ya namna gani?"

"Amani ni amani, baba watoto."

"Mimi nikiziba bomba likakauka, bado sijui kitu. Huenda nimeziba, huenda maji yamekatika. Mpaka nifungue koki. Hiyo amani yako umeifungulia maji?"

Akanikodolea macho. "Nifungue vipi?"

"Ulipokuwa unaomba, ulijiona umesimama mlangoni kwa dada yako?"

Akakitoa kitambaa, akakiweka magotini, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Amani imeondoka," akasema. "Kumbe nilifurahi tu kwamba siendi."

Nilidhani atalia. Badala yake akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma, sasa udadisi umemhamia yeye. "Hivi kwa nini hakuandika vipimo? Nimemshonea tangu usichana. Anajua sishoni bila kupima."

Alishaanza kutafuta futi yake ya kupimia.

Tulipobisha kwake, dada mtu alifungua mlango, akaiona futi shingoni mwa mdogo wake. Hakuna aliyesalimia. Aliinua tu mikono, kama mteja yeyote. Mke wangu akaanza na kiuno, na kiuno hakipimwi bila kumzungushia mtu mikono.

Ni kazi ya nusu dakika, nimeiona mara nyingi. Nilisubiri waachiane, nikachoka kusimama, nikaweka mfuko chini.