Somo la Kahawa kwenye Shuka la Maua

Hasira yangu ilianza na sentensi moja. Katibu wa chama cha wakulima wa kahawa alinitazama mimi, akamtazama mwanangu mgongoni, akasema kazi ya kufundisha inataka mtu mwenye mikono huru. Alisema kwa upole, kama mtu anayekusaidia. Upole wa namna hiyo ndio unaonichemsha.

Chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kuzunguka Mbozi na Ileje kabla msimu haujapamba moto, awafundishe wachumaji kuchuma kahawa mbivu peke yake. Mbichi zikichanganyika na mbivu, mtambo unaziponda vibaya na mzigo wote unashushwa daraja. Kazi ile niliitaka. Nimeishia kidato cha nne, nachapa kwenye steshenari moja hapa Tunduma, kompyuta naijua. Baba wa mtoto ni dereva wa lori. Akishavuka mpaka kwenda Kongo simwoni tena mpaka mtoto aote jino jingine. Sikuwa na mtu wa kunibembelezea katibu, kwa hiyo nikajisemea mwenyewe: nipe somo moja la majaribio. Akasema sawa, kule Isansa, Mbozi, Jumamosi ijayo. Nikishindwa, atamchukua kijana mmoja wa mjini ambaye wameshazungumza naye. Akanipa flashi yenye slaidi za zamani za chama.

Nilizifungua dukani. Jamani. Maandishi juu mpaka chini, herufi ndogo kama siafu, sijui umuhimu wa ubora katika mnyororo wa thamani, na pembeni mchoro wa kikombe kinachotoa moshi. Kahawa yenyewe haipo. Nikampigia simu kumuuliza zilifundishiwa wapi. Akajibu zilifundishiwa Ruanda, hiyo ya hapahapa Mbozi, na watu walisinzia, maana wakulima wetu hawapendi kusoma.

Nikakata simu. Wakulima hao ni mama zangu. Mtu ametoka kupalilia tangu alfajiri, umemkalisha kwenye benchi, umemwekea maandishi ukuta mzima, halafu unamgeuzia mgongo na kumsomea maandishi yaleyale. Asiposinzia, huyo ndiye wa kumpeleka hospitali.

Nyumba ninayopanga imepakana na kibanda cha video. Yule jamaa anayetafsiri filamu kwa mdomo nimemsikiliza miezi yote ya kunyonyesha, nitake nisitake. Picha sizioni, ila hadithi naifuata yote. Na nimegundua jambo. Haandiki kitu. Anasema kile ambacho macho ya watu yanakitazama wakati uleule, hatangulii wala hachelewi. Pakifika mahali pa kutazama tu, ananyamaza, na hapo ndipo kibanda kinalipuka kwa kelele. Mle ndani kuna mbao tupu za kukalia na hakuna anayesinzia. Nikasema basi, watu wetu wameshazoea kufuata picha inayosemewa. Anayeshindwa ni yule anayewasomea herufi.

Nikafuta slaidi zote.

Mama mdogo wangu ameolewa Isansa, anachuma kahawa tangu sijazaliwa. Nikapanda gari nikaenda kwake katikati ya wiki, nikamrekodi kwa simu. Uso sikuuchukua, wala shamba, wala mbingu. Nilichukua kidole na gumba tu, na tunda moja la kahawa. Kidole kinaligeuza tunda kinaonyesha kitako chake, kwa sababu tunda linaweza kuwa jekundu mbele na kijani kwenye kitako, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kisha kidole kinaminya. Likiwa bivu, punje inachomoka na utelezi wake. Likiwa bichi, linagoma.

Nilimwomba aseme kwa Kinyiha, lugha ya huko, maana mimi ni Mnyamwanga na Kinyiha changu kinachekesha watu. Mara ya kwanza aliongea kama anatoa ushuhuda kanisani, salamu kwa viongozi, shukrani kwa wote. Nikamwambia, "Mama mdogo, ongea kama unamgombeza mkamwana wako shambani." Hapo akafunguka.

Mwenye duka aliponiona napanga slaidi alishauri niweke muziki kwa chini, na herufi zinazoingia zikizunguka. Nikamuuliza anataka watazame kahawa au watazame herufi zikicheza ngoma. Nikabakiza picha moja kwa jambo moja. Neno nikaweka pale tu ambapo picha haitoshi, na pengi ilitosha.

Jumamosi ukumbi wa kanisa Isansa ulijaa, wengi wao akina mama. Katibu alikaa mbele, mguu juu ya mguu. Nikasalimia wakubwa, nikamkaza mtoto mgongoni, nikawasha projekta ya chama. Tunda moja likatokea ukutani, kubwa kama chungu. Bibi mmoja wa benchi la kwanza akasema, "Hiyo imeoza."

Nikageuka kutazama. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya bluu. Wekundu wa kahawa yangu ulikuwa umegeuka karibu mweusi, kama tunda lililokaukia mtini, na nilipogusa slaidi ya pili, za kijani hutofautishi na za manjano. Katibu akainama kunishauri kwamba rangi ni rangi, niendelee, nieleze kwa mdomo watanielewa tu.

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Somo zima lilikuwa rangi! Ningeendelea vile, wanawake wale wangetoka pale wakiamini kwamba kahawa inachumwa ikishaharibika. Nikazima projekta. "Mama zangu, bibi amesema kweli, huu ukuta unatudanganya. Nani anakaa karibu ana shuka jeupe?"

Mmoja akaonyesha kitambaa cha madhabahuni. Mzee wa kanisa akakohoa, tukaachana nacho. Mama mmoja jirani akatoka, akarudi na shuka la kabatini, lile la wageni, limedariziwa maua kila pembe. Akasema tukilichafua tutalifua wenyewe. Tukalibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na mtu nyuma akasema kahawa leo imepata harusi. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka.

Nikawasha tena. Wekundu ukaja wenyewe, wekundu hasa. Sauti ya mama mdogo ikaanza kugomba kwa Kinyiha, watu wakaitambua, wakazidi kucheka, lakini macho hayakutoka kwenye shuka. Kidole kilipogeuza tunda nikasimamisha picha. Nilitamani sana kueleza. Nikauma ulimi. Mtoto akaanza kulia. Yule bibi akanyoosha mikono, akampokea bila kuondoa macho kwenye picha.

"Aaa," ukumbi ukasema. Walikuwa wamekiona kile kitako cha kijani. Mama mmoja akawaambia wenzake kumbe hizi ndizo zinazotuponza, wakaniomba nirudie. Nikarudia mpaka walipotosheka wenyewe.

Kisha nikamwaga mezani ndoo ya kahawa mchanganyiko niliyotoka nayo shambani kwa mama mdogo, nikawaambia wachague. Sikuongeza neno. Wakasogea, na kila mkono uliookota tunda uliligeuza kwanza. Kila mkono. Bibi, na mwanangu mapajani, alimpiga kidogo binti mmoja begani: "Geuza kitako, wewe. Hukuona?" Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, lakini nilijishughulisha na waya za projekta kwa muda.

Nje, katibu alisema somo limependeza. Akanyoosha mkono akiomba flashi, kijana wa mjini ataizungusha Ileje, mimi nipumzike na mtoto.

"Katibu," nikamwambia, "sauti iliyomo humu ni ya Isansa. Ileje utawakuta Wandali, watakaa kumsikiliza mtu akiwagombeza kwa Kinyiha? Inabidi kurekodi upya na mchumaji wa kule, na kila ukumbi lazima ukaguliwe ukuta. Huyo kijana amekwambia hayo?"

Akarudisha mkono. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

"Anakuja. Umeona kama amezuia chochote?"

Alitazama mlangoni, ambako akina mama walikuwa bado wanabishana juu ya tunda moja. Akasema gari la chama linaondoka Jumanne asubuhi. Nikamwambia nafasi ya mbele ni yangu, kwa sababu nyuma mtoto anatapika.