Mzee Kahigi Hainuliwi

Deodatha wa Nyaishozi hajawahi kumbembeleza mtu. Akienda kununua sabuni humwambia mwenye duka kwamba sabuni imekauka kama yeye, kisha hununua hiyo hiyo. Mumewe Cleophace ameshazoea. Majirani bado wanajifunza. Ndiyo maana ilikuwa ajabu kwamba mwanamke huyu, aliyewahi kumtoa mwenyekiti wa kitongoji kwenye shamba lake la kahawa akiwa na jembe mkononi, alishindwa kwa miaka minne kumwinua mzee mmoja mezani. Na mzee mwenyewe alikuwa kadi.

Mchezo ulikuja na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, aliyepanga nyumba kando ya barabara. Deodatha alikuwa akimfulia na kumpikia. Jioni mwalimu hakuwa na wa kuzungumza naye, basi akatoa sanduku la bati lenye kadi na dadu tatu, akamfundisha besiboli ya mezani. Besiboli yenyewe Deodatha hajaiona hata leo. Anachojua ni kwamba mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne, na akifika alipoanzia timu yake imepata pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inahamia upande wa pili. Mizunguko tisa, kwisha. Mezani hakuna anayekimbia: unatupa dadu, unasoma kadi, kadi inakuambia kilichotokea.

Kadi ya mrushaji ndiyo yenye maneno. Ina pande mbili. Upande wa kijani ni wakati mkono wake una nguvu. Mizunguko iliyoandikwa pale ikiisha, unaigeuza upande mwekundu, na huko karibu kila dadu inamneemesha mpigaji. Unaweza kumtoa mrushaji saa yoyote na kuleta mwingine, ila akitoka ametoka, harudi mpaka mchezo mwingine. Ukiwatoa mapema, utajikuta huna watu mwishoni. Ukichelewa, umeliwa. Mwalimu alikuwa akisema mchezo mzima ni kujua saa ya kumwambia mtu aketi. Deodatha alimjibu kwamba yeye kazi hiyo anaifanya kila siku bila dadu.

Mwalimu alipoondoka alimwachia sanduku. Majina ya kwenye kadi yalikuwa ya Kizungu, hayakai mdomoni, kwa hiyo Deodatha alikata vipande vya karatasi na kubandika majina ya watu anaowajua. Mrushaji wa akiba, mwenye kadi dhaifu dhaifu, akamwita Joviana, jirani yake mvivu. Mrushaji bora kuliko wote, wa mizunguko saba ya kijani, akamwita Kahigi.

Mzee Kahigi alikuwa baba mkwe wake, na alikuwa amefariki mwaka ule ule. Kadi hiyo aliistahili. Tumbili akiingia kwenye migomba, mzee aliokota jiwe bila hata kuinuka vizuri, na tumbili akaondoka na habari zake. Deodatha aliona amempa heshima, na heshima kweli alimpa. Hakufikiria mbele.

Mtu wa kucheza naye alimpata dukani. Abdillah anauza kanga, nyuzi na ndoo pale senta. Ukoo wake ni wa Pangani, yeye amezaliwa Kagera na anazungumza Kinyambo kuliko baadhi ya Wanyambo. Alijifunza mchezo kwa wiki mbili na kuanzia hapo kila Jumamosi, soko likishapungua, wakawa wanacheza kwenye baraza la duka lake. Mwaka wa kwanza mvua ilipenya kwenye paa la Deodatha na kadi zikalowa. Abdillah akazikausha moja moja, akazipeleka Kayanga kwenye duka la fotokopi, zikafungwa kwenye plastiki ngumu pamoja na majina yake. Tangu siku ile sanduku likawa la wote wawili, na majina yakawa hayabanduki tena.

Abdillah warushaji wake aliwapa majina ya wapwa zake: Tariq na wenzake watatu. Deodatha alichelewa kuuona ujanja huo. Mpwa unamfukuza hata katikati ya chakula. Abdillah aliwatoa na kuwaingiza kama anafungua na kufunga duka, huku akiwatukana kwa majina. Lakini Deodatha kila alipofika mzunguko wa nane, Kahigi akiwa mwekundu na wapigaji wanamla, mkono wake ulifika kwenye kadi na kurudi. Hesabu aliijua. Kahigi mwekundu ni mbaya kuliko Joviana wa kijani, hilo halihitaji kuvuka darasa la saba. Ila mkamwana hamwambii baba mkwe wake ainuke. Humsalimu kwa magoti, hukaa chini kuliko yeye, humpisha njiani. Kumwambia "basi, imetosha, toka" ni neno ambalo Deodatha hakuwahi kuwa nalo, yeye mwenye maneno yote.

Basi alishindwa. Misimu minne alishindwa kuanzia mzunguko wa nane, na Abdillah alikuwa na msemo wake: "Dada Deo, mzee bado anarusha?"

Mwaka huu Abdillah alitangaza kwamba anafunga duka. Mama yake yuko Pangani, haoni vizuri, na ndugu wengine wote wameshatoa sababu zao. Likaja suala la sanduku. Abdillah alisema kwa upole kwamba wanaweza kugawana, yeye achukue timu moja. Deodatha akamuuliza timu moja itacheza na nani, na samaki? Na kwa kuwa mdomo wake hutangulia, akaongeza kwamba wacheze mchezo wa mwisho, atakayeshinda abaki na sanduku lote. Alipofika nyumbani ndipo akatambua alichosema. Jumamosi zake zote zilikuwa ndani ya lile bati. Cleophace alimuuliza kwa nini haendi kulala, akajibiwa kwamba kulala si kazi.

Jumamosi ya mwisho rafu za duka zilikuwa zimebaki na ndoo mbili. Vero, dada mkubwa wa Cleophace, alikuwa amekuja kununua kanga ya bei ya kufunga duka, akaamua kukaa na kikapu chake cha maharage, anapukuchua na kutazama. Mchezo hakuwa anaujua sana. Alijua tu kwamba baba yake yumo, na kwamba kila mara anarusha mpaka mwisho, na hilo alikuwa akilisimulia mpaka kanisani.

Deodatha alicheza vizuri. Kahigi wa kijani hakuwa na mchezo: mizunguko saba, pointi mbili tu. Upande wa pili Abdillah, kwa uroho wa kushinda, alimtoa mpwa wa kwanza mzunguko wa tatu, wa pili mzunguko wa tano, wa tatu mzunguko wa sita, kila mmoja akiwa bado kijani, kwa kosa la kupigwa mara moja. Akabaki na Tariq peke yake. Ilikuwa nne kwa mbili, Deodatha anaongoza.

Mzunguko wa nane, Deodatha akageuza kadi ya Kahigi. Nyekundu.

Mpigaji wa kwanza wa Abdillah akafika kituo cha kwanza. Wa pili akapiga, wa kwanza akarudi nyumbani, pale alipoanzia. Nne kwa tatu. Wa tatu naye akapiga. Wawili walikuwa vituoni, hakuna aliyetolewa hata mmoja, na Abdillah alikuwa ameshika dadu anazichezesha kiganjani. Hakusema msemo wake. Alitazama tu kadi, kisha akamtazama Deodatha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Deodatha aliyaona magoti. Si ya kwenye kadi, kadi haina magoti. Aliyaona ya Mzee Kahigi mwenyewe, ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe kwa miguu, ule mwaka wa mwisho. Alikuwa na miaka sabini na tisa na bado hakutaka mtu mwingine akanyage ndizi zake, kwamba vijana wanakanyaga kama wanakimbia polisi. Magoti yalikuwa yakitetemeka. Wanawe waliona, wakaangalia pembeni. Deodatha alikuwa amesimama na ndoo ya maji mita mbili kutoka pale, akaona, akameza neno. Mzee akateleza kwenye majani ya kukamulia. Nyonga ikavunjika, na baada ya Pasaka hakuwepo.

Akanyoosha mkono kwenye kadi. Safari hii haukurudi.

"Wifi," Vero alisema, na vidole vyake vikaacha maharage. "Unamwinua baba? Mbele yangu?"

"Namwinua."

"Hakuna aliyewahi kumwinua yule."

"Ndiyo. Siku ile kwenye mtumbwi niliyaona magoti yake, wifi, nikanyamaza. Na wewe uliyaona."

Vero aliinamia kikapu na kuanza kutafuta ganda ambalo halikuwepo.

Deodatha aliinuka kitini. Akakunja magoti kidogo, kama mtu anayempokelea mkubwa kikombe, akaichukua kadi kwa mikono miwili. "Taata, pumzika," alisema, akimwita baba kwa Kinyambo, kwa sauti ambayo Abdillah hakuwahi kuisikia kwake kwa miaka minne. Kisha akaikunja kanga yake ya begani mara nne, akaiweka juu ya kigoda kilichokuwa tupu, na kadi juu yake.

"Mpe na chai," alisema Abdillah.

"Wewe tupa dadu, mtu wa pwani."

Joviana aliingia. Alikuwa Joviana kweli: mpigaji wa kwanza tu akamchapa, pointi ikaingia, nne kwa nne, na Vero akatoa mguno mmoja uliosema mengi. Lakini alikuwa wa kijani. Watatu waliofuata wakatolewa mmoja baada ya mwingine, na mzunguko wa tisa wakatolewa watatu wengine. Abdillah hakupata kitu.

Ikabaki zamu ya mwisho ya Deodatha. Tariq alikuwa ameshaisha, mwekundu kama pilipili, na Abdillah aliangalia mezani kutafuta wa kumwingiza. Wapwa watatu walikuwa wamelala kifudifudi pembeni, wote walitolewa wakiwa na nguvu zao.

"Uliwafukuza bado wanataka kazi," Deodatha alimwambia.

"Najua nilichofanya."

Mtupo wa pili wa dadu ulimpeleka mpigaji wa Deodatha kituo cha tatu. Wa nne ukamrudisha nyumbani. Tano kwa nne. Hapakuwa na makelele. Abdillah alipanga kadi zote kwa mpangilio wake, timu juu ya timu, akafunga bati, akalisukuma upande wa Deodatha na kumwomba, akipata mtu wa kucheza naye, asimfundishe ujanja wa wapwa. Deodatha alimwambia amsalimie mama yake. Kwa Deodatha, hiyo ni hotuba.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa na kufuli. Deodatha alikaa barazani kwake, bati liko mezani, akijiambia kwamba anasubiri kahawa ikauke. Vero alifika bila kikapu. Alikaa kwenye kigoda cha pili, akafungua bati bila kuomba, akatafuta mpaka akaipata kadi aliyoitaka.

"Huyu anakuja kwangu," alisema. "Ni wa kwetu."

Deodatha alimfundisha taratibu, kwa matusi machache kuliko kawaida. Kijani, nyekundu, akitoka harudi. Vero alikuwa na bahati na dadu. Walipofika mzunguko wa nane alikuwa anaongoza kwa pointi tatu, na kadi ya Kahigi ikageuzwa. Deodatha akatupa dadu, akapata pointi. Akatupa tena, akapata nyingine. Mkono wa Vero ulifika kwenye kadi, ukarudi kwenye paja. Deodatha alisawazisha. Angeweza kusema kitu. Alitupa dadu, akapita mbele kwa pointi moja, akasubiri.

Vero akaifikia tena ile kadi.

"Wifi," akasema mwishowe, "nilikuwa na kelele ya maharage siku ile dukani, sikusikia. Ulimwambiaje baba?"

Deodatha alivua kanga begani, akaikunja mara nne, akaisogeza upande wa pili wa meza.