Pipa la Pili la Kapita

Kapita, msimamizi wa karakana ya vyuma, huwafungia geti wanaochelewa hata dakika moja. Mume wa Honorine amekwisha kurudishwa mara mbili. Ndiyo maana Honorine, jirani wa kapita huyo, hachoki kumchungulia juu ya ua. Kila asubuhi, mikono ya koti lake la abakosti ameikunja, kapita hukamua kiini cha yai kwenye kitambaa, akivilisha vifaranga vya koi, samaki wanaopata rangi wakikua, huku akivinong'oneza. Leo anavichota kwa sahani nyeupe: vyenye rangi vinarudi kwenye pipa lao, vyeusi vinaingia kwenye ndoo.

"Utabatupa bale, baba?" Honorine anauliza.

Kapita anaimimina ndoo taratibu kwenye pipa la pili, lililojaa vifaranga vyeusi vitupu.

"Hapana, mama. Banachelewa tu."