Mashini Niliyoipima ku Mukono

Ninyi batoto munaojua kusoma mbio kuliko kulima, mutaanza kucheka mbele ya kufika katikati. Mucheke tu. Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu wa primaire, juu baba alisema jembe haiulizake diplôme. Ninaandika hii kwa mukono, ndani ya cahier, na hakuna mutu nitakayemupa aipige ku mashini. Bakipiga, bananitengenezea maneno, banaweka adabu pale mimi niliweka tusi.

Ninataka kuwaambia ginsi tulivyobadilisha ordinateur, ile mashini ya kupigia maandishi, mu nyumba yetu. Haiko jambo kubwa. Lakini nimeona mwanaume akileta bibi wa pili na kelele kidogo kuliko ile tulipiga sisi juu ya kile chombo.

Nyumba iko Mususa, huku Butembo, inaangalia barabara. Chumba ya mbele ni ya binti yangu wa mwisho. Bwana yake alikufa, akamuachia batoto batatu na ordinateur moja, ile ya zamani: écran, kioo yake ya kuangalia, yenye kisogo kikubwa sawa mama aliyebeba mutoto ku mugongo, na sanduku ya chuma chini ya meza, inayonguruma tangu unaiwasha. Inakula moto ya batri ya gari, na batri inakula jua ya panneau juu ya bati. Njo secrétariat yake ile. Mutu anakuja na karatasi yake, binti anamupigia: barua ya kuomba kazi, tangazo ya kilio, liste ya mbuzi za mahari. Ile yote ni chumvi tu. Chakula yenyewe ilikuwa mitihani ya shule. Directeur wa shule moja kule Musienene alikuwa anamuletea maswali ya madarasa yote sita, kila trimestre. Bila ile kazi, bajukuu wangu bangerudishwa nyumbani kutoka shule. Hakuna lingine la kuelewa hapa. Mukumbuke hilo moja, yanayobaki mutayafuata.

Siku moja yule directeur akaingia na uso wa mutu aliyemeza mwiba.

"Mama," akamuambia binti yangu, "maswali yalitoka inje. Batoto ba mwaka wa sita balijibu yote bila kufikiri. Ata ile swali moja yenye sisi benyewe tulikosea, balikosea sawa sawa na sisi."

"Hayakutoka hapa," binti akasema.

"Sisemi yalitoka hapa. Lakini tangu sasa hayatoki tena mu bureau yangu. Ukiwa na portable, ordinateur ya kubeba, kuja upige pale pale, mulango imefungwa. Ukikosa portable, nitatafuta mwengine. Kuko kijana mumoja ku soko, yeye iko nayo."

Mimi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, pale ku mulango. Nikamuuliza: "Directeur, mwizi iko kati ya balimu bako, na unakuja kufunga mulango ya binti yangu?"

Akaangalia biatu byake. Biatu bizuri kabisa. Mwanaume wa kuogopa balimu bake mwenyewe, anatembea mupaka Mususa kumutisha mujane. Lakini tungefanya nini? Kazi ilikuwa yake.

Donc ikabidi tuchague: kubaki na ile ya kisogo, ama kutafuta ile ya kubeba.

Chumba ya nyuma tunapangisha kwa afisa mumoja wa serikali, mutu wa mbali, balimutuma huku na mushahara yake na Lingala yake. Yeye iko na portable, ndogo, nyembamba sawa sahani, anaitembeza mu sakoshi asubuhi na jioni. Sijawahi kuona kazi inatoka mule. Nilichungulia mara moja, nikakuta anacheza karta, tena anashindwa. Mutu anayeshindwa karta na mashini yake mwenyewe njo aliyekuja kutufundisha.

"Mama, oyo ya kala!" akasema, maana yake hii ni ya zamani, akipiga kisogo ya écran na kofi. "Mutupe hii. Ninyi bantu ba Butembo munachunga bitu mupaka bioze. Mununue ile nyepesi, sawa yangu."

"Bureau yako inafunguaka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa mbili."

"Sasa ni saa ine."

Akamaliza chai kwanza. Chai yangu.

Nitasema ukweli, juu nilizeeka na sina haja ya kupendeza mutu: tangu ile siku, kwa kuwa yeye alisifu nyepesi, roho yangu ikafunga kwa nyepesi. Mutu muvivu akikuonyesha njia, wewe unapita njia nyingine. Ile ndiyo akili nilitumia. Niliona ni akili.

Mashini ya mukono wa pili tuliambiwa ziko Beni, kwa mufanyabiashara mumoja, mutoto wa kilima chetu. Mama yake na mimi tuliuzisha maharagwe pamoja ku Musienene, kila siku ya soko, miaka mingi mbele yeye afike mu tumbo. Nikatoa maharagwe ya musimu nzima tuyauzishe, na juu maharagwe yalikuwa yangu, nikasema kuchagua nako ni kwangu. Binti hakubisha. Alikuwa na haki ya kubisha. Hiyo tabia aliirithi kwa baba yake, haiko kwangu.

Mule mu duka ya Beni, yule muuzaji akaweka mbili ku meza. Moja ya kijivu, nyembamba. Ingine nyeusi, nene, na pembe zake ngumu. Binti akaenda moja kwa moja ku ile ya kijivu. Akaweka bidole juu yake, akaanza kupiga kitu, na uso wake ukafunguka. Nilikuwa sijauona hivyo tangu matanga ya bwana yake.

Nikamuambia: "Toa mukono."

Nikabeba ya kijivu ku mukono wa kuume, nyeusi ku mukono wa kushoto, nikazipima ginsi nimepima mali maisha yangu yote. Sina haja ya kilo. Haragwe nyepesi, bidudu bilishakula ndani. Kiazi nyepesi iko na shimo katikati. Kuku nyepesi iko na minyoo. Ile ya kijivu ilikuwa nyepesi mupaka nikaona haya kuishika. Ile nyeusi ilikuwa inavuta mukono chini, sawa mali inavyovuta.

"Hii nyeusi," nikasema.

"Lakini Mama, haiko kiazi."

"Nyamaza. Wewe unanunuaka nyanya juu zinang'aa."

Muuzaji akajikuna shingo, akaniita Mukaka, jina ya heshima kwa mama muzee. "Mukaka, nikuambie sawa mutoto wako. Ile muzito imezeeka. Ku hii kazi, uzito haiko uzuri."

"Ah! Unataka kunipa ile inakushinda kuuzisha."

"Hapana, Mukaka. Ile nyepesi bantu balishaiomba mara mbili."

"Basi uwape bale."

Mumesikia? Muuzaji mwenyewe aliniambia. Sitawaficha ile. Nikamudharau juu alisema ukweli, nikafikiri ni ujanja wa duka. Lakini nilifanya kitu kimoja cha busara, ata kama nilikifanya kwa kiburi. Nikamuambia: "Kwetu, mutu akinunua mbuzi, anaipeleka kwake, anaangalia kama inacheua. Isipocheua, inarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe hasemi neno. Mama yako alinunua hivyo. Na wewe utaniuzishia hivyo."

Akacheka mupaka bantu ba duka ya upande bakachungulia. "Sawa, Mukaka. Inakuwa mbuzi. Juma moja. Isipocheua, uirudishe."

Tukarudi Butembo. Afisa akatukuta ku mulango, akapokea ile kitu, mikono ikashuka.

"Mama! Hii ni tofali!"

"Tofali inajengaka. Yako ilishajenga nini?"

Ilinifurahisha kusema vile. Furaha yenyewe ilimalizika siku ya tatu.

Siku ya tatu binti alienda Musienene kupiga mitihani, na mimi nikaenda naye, juu shamba yangu iko upande ule, na pia, sitadanganya, nilitaka directeur aone mali. Akatufungia mu bureau yake, sisi wawili na yeye, funguo mu mufuko yake sawa askari. Kule hakuna moto ata ya taa. Binti akafungua ile nyeusi ku meza. Ikapiga upepo moto, ikanguruma, ikaamuka. Akaanza na mwaka wa kwanza. Bidole byake binaenda mbio sana, ile siwezi kumukatalia. Akamaliza mwaka wa kwanza. Akaingia mwaka wa pili, hesabu, swali ya mukulima na mikungu yake ya ndizi.

Mukulima hakufika ku soko. Écran ikawa nyeusi.

Binti akafinya, akafinya tena. "Mama, moto imekwisha."

"Imekwisha namna gani? Tuliinywesha jana siku nzima!"

"Batri yake imekufa, Mama. Haishikake."

Angenitukana, ningejua la kujibu. Angesema "nilikuambia", ningepiga kelele, tungeachana pale. Alikaa tu na mikono juu ya ile tofali, anaangalia ukuta, na mimi nilijua anaona nini ku ukuta: batoto batatu banarudi nyumbani na cartable ku mugongo mbele ya saa.

Directeur akatoa funguo yake. "Mama, hii ni portable gani? Maswali yanapaswa kuwa tayari leo. Jioni ikifika bila mwaka wa sita, kesho naita yule kijana wa soko."

Basi nikatoka pale ku kiwanja, nikapiga simu nyumbani, nikaagiza bitu bitatu: batri ya gari, convertisseur ya kugeuza moto yake, na waya. Motari mumoja akabileta ku pikipiki yake kutoka Mususa, batri imefungwa mbele yake ku réservoir, na mujukuu wangu mukubwa nyuma amekumbatia convertisseur. Balifika saa ya récréation. Shule nzima ikajipanga. Mukitaka kujua dharau, simameni mbele ya batoto mia wa Musienene banaokula miwa.

"Angalieni! Portable yao inatembea na moto!"

"Iko na mizigo kuliko bibi-arusi!"

"Mukaka, na kitanda yake itafika saa ngapi?"

Nikapita katikati yao na waya ku shingo. Bangekuwa batoto bangu ningewapiga, lakini bangekuwa na haki.

Binti akapiga mupaka jua ikashuka nyuma ya kilima. Mwaka wa sita ikamalizika. Directeur akasoma karatasi moja moja, akatafuta kosa, hakupata, na ile ikamuuma. Kisha akasema: "Imepita. Lakini trimestre inayokuja, sitaki kuona batri ya gari ku meza ya bureau yangu."

Tulipofika nyumbani, afisa alikuwa amesimama ku mulango yake na kijiko ku mukono. Aliona batri inashuka ku pikipiki. Aliangalia ile nyeusi. Akatabasamu, akasema pole pole: "Mama. Nilisema nyepesi."

Nimekunywa mwarobaini, nimekunywa kinini bila sukari. Hakuna dawa kali nimekunywa sawa ile: mutu anayefika bureau saa ine, anayeshindwa karta na mashini yake, yeye njo alikuwa anajua, na mimi na mikono yangu ya soko nilikuwa mujinga mwenye mvi. Miaka yote ile nilifikiri mikono yangu inajua kila mali. Kumbe inajua bitu binavyoota mu udongo tu. Nilimutukana directeur, nikamutukana muuzaji, nikamutukana mupangaji wangu, na yule pekee aliyekuwa na bidole bya ile kazi nilimuambia nyamaza.

Nikapiga simu Beni.

"Haicheui," nikasema.

Muuzaji hakucheka sana. "Irudishe, Mukaka. Ile ya kijivu nilikuchungia. Nilijua."

Ata yeye alijua.

Jioni ile tulikula foufou na maharagwe, bote tuko, na afisa alikuwa ameacha mulango yake wazi ili asikie. Nikangoja binti amalize kugawia batoto. Kisha nikasema kwa sauti ya kufika mupaka chumba ya nyuma: "Kesho asubuhi wewe utaenda Beni, peke yako. Utachukua ile bidole byako binataka. Ile ya kisogo itabaki ku meza, hakuna wa kuitupa. Na mutu yeyote wa hii nyumba, mimi wa kwanza, akifungua kinywa kukufundisha juu ya mashini, atabeba sahani yake na kwenda kula inje."