Msichana Mwenye Pembe

Juzi nilimkuta binti yangu akilia mbele ya simu. Alikuwa akitazama katuni ya Kijapani, na kilio chake kilinirudisha sebuleni kwetu Lamadi, alasiri moja iliyonuka samaki wa kubanika.

Mama yangu, mwalimu wa shule ya Jumapili, alikuwa ameketi nasi mbele ya televisheni. Katuni ilihusu msichana mwenye pembe ambaye kijiji kizima kilimkimbia. Mama alimlilia kwa kwikwi. "Maskini, hana wa kumpenda," alisema.

Ndipo Milembe, mjukuu wa jirani yetu, akapiga hodi. Bibi yake alikuwa na macho mekundu, na watu walisema ni mchawi. Nami niliamini. Sasa najua ulikuwa moshi wa samaki aliowakausha maisha yake yote.

"Shikamoo mama. Naomba kutazama."

"Rudi kwenu," mama alisema, akafunga mlango na kuvuta pazia.

Nikamuuliza, "Si ulitufundisha tumpende kila mtu?"

"Nampenda. Yesu ameagiza. Hajaagiza nifurahie kumwona."

Nililiona ni jibu zuri sana. Niliamini upendo unapita hata kwenye mlango uliofungwa.

"Wamemkubali?" Milembe aliuliza kutoka nje, akimaanisha yule mwenye pembe, aliyekuwa akimtazama dirishani kabla pazia halijavutwa. Mama aliongeza sauti ya televisheni.

Mvua zilipokatika, watu walisema bibi yake Milembe ndiye aliyezifunga, wakaichoma nyumba yake, naye akiwa ndani. Milembe akachukuliwa na ndugu zake wa Ipililo. Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani akamwombea Milembe, akimtaja kwa jina.