Kloridi ya Profesa

Gunvor Ekdahl alikuwa na hasira za karibu, na kwenye maabara yao kusini mwa Uswidi kila mtu alilijua hilo. Ukigusa glasi zake bila kuomba, utakiona cha mtema kuni. Ujana wake wote ulikwenda kwa swali moja: ndani ya maji ya chumvi, madini ya kadimi na kloridi hung'ang'aniana kwa nguvu kiasi gani? Alitia kloridi tone kwa tone, akasoma volti, akapiga hesabu. Jibu likawa tasnifu, na tasnifu ikapigiliwa msumari kwenye ubao wa chuo, kama kawaida ya huko, ikisubiri siku ya kutetewa. Mama yake alileta keki.

Kesho yake Gunvor akarudia kipimo kimoja, kwa raha zake tu. Lo! Volti zimeshuka kabla hajatia kloridi hata tone. Akadondoshea nitrati ya fedha, dawa inayoifichua kloridi, maji yakawa meupe kama maziwa. Kloridi ilishaingia! Ikitoka wapi? Akakitazama kile kijibomba cha glasi kinachounganisha vyombo viwili. Yeye hukijaza chumvi isiyo na kloridi.

"Nani kagusa hiki?"

Profesa Wirén, msimamizi wake, akatokea na kahawa yake. "Mimi, binti. Ulipokwenda likizo ya kiangazi. Chumvi yako ilikuwa inaziba, nikakujazia kloridi ya potasiamu, kama tunavyofanya siku zote."

"Namba za tasnifu nimezipima baada ya likizo! Mimi napima kloridi, halafu Profesa ananivujishia kloridi!"

"Inavuja kidogo tu. Nani atajua?"

"Nitajua mie!"

"Usipige kelele. Ukiing'oa tasnifu leo, ile nafasi ya kazi hapa chuoni anapewa mwenzako Sixten. Tulia, unywe kahawa."

Tulia! Mtu akuharibie kazi, kisha akwambie utulie! Mori ukampanda. Gunvor alichukua nyundo, akashuka ngazi huku machozi ya hasira yakimtoka, Profesa nyuma yake na kikombe mkononi.

"Binti Ekdahl," bawabu akashtuka, "hapa watu hupigilia, hawang'oi."

"Leo wanang'oa. Nipishe!"

Msumari ulishika haswa, lakini ukatoka. Gunvor aliikwapua tasnifu yake, akautumbukiza msumari ndani ya kahawa ya Profesa.

"Ile nafasi mpe Sixten," akasema, akapanda kwenda kukiosha kile kijibomba.